Mtambo na Daftari la Kijiji

Siku hizi twasikia sana habari za akili mnemba, nazo zimeanza kutajwa hata katika ofisi za serikali za mitaa. Wengine waiogopa kama uchawi, wengine waitumainia kama mkombozi. Yafaa basi, wasomaji wapenzi, tujifunze kwanza ni kitu gani.

Akili mnemba ni mtambo uliolishwa maandishi na hesabu nyingi za siku zilizopita, ukatafuta ndani yake mambo yanayojirudia, kisha kwa mazoea hayo ukakisia jibu la jambo jipya. Haumjui mtu, wajua tu yaliyoandikwa juu ya watu waliotangulia. Daftari likiwa na kosa, nao utakosa, tena upesi, na kwa watu wengi mara moja.

Tutazame mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao yake yakiwa Mpanda. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 1,152,958. Kuandika leseni, ushuru na malalamiko ya watu wengi hivyo si kazi ndogo, wala hatuoni ubaya mtambo ukimsaidia karani kupanga barua na kufupisha muhtasari wa vikao. Karani aliyepunguziwa makaratasi aweza kumsikiliza mama aliyetembea tangu alfajiri.

Lakini katika mkoa huo huo mna Katumba na Mishamo. Huko walipokewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wakalima, wakazaa, na watoto wao hawakujua nchi nyingine. Kufikia mwaka 2010 Serikali ilikuwa imekubali maombi ya uraia ya watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu mkoani Tabora, ila vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Kwa miaka minne mtu alikuwa amekubaliwa, na mkononi hana kitu. Mtambo uliolishwa madaftari ya miaka ile, ukiulizwa nani astahili mkopo wa halmashauri au kiwanja, utajibu nini? Waweza kumweka kando mwana wa Katumba pasipo chuki yoyote, na karani akasema, "Mtambo umekataa." Jibu hilo latutia hofu kuliko mtambo wenyewe, kwani halina mwenyewe.

Wala hatusemi ndoto. Huko Uholanzi idara ya kodi ilitumia mtambo kupima nani aweza kuwa mdanganyifu katika ruzuku ya malezi ya watoto, na uraia wa kigeni ukahesabiwa kuwa dalili mbaya. Maelfu ya wazazi walidaiwa fedha wasizostahili kudaiwa. Nyumba nyingi zikafukarika. Serikali yao ilijiuzulu Januari 2021.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa sana usitolewe na mtambo peke yake. Na ardhi ya kijiji, kwa sheria ya mwaka 1999, haigawiwi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, penye mzee awezaye kusimama na kusema, "Huyu twamjua, babaye alifyeka pori lile."

Basi anyimwaye na aulize: nani ameamua, na kwa maandishi gani? Aombe jibu lenye jina na sahihi. Tena aulize kwa lugha aijuayo, maana mitambo hii imelishwa Kiingereza kingi, Kiswahili kidogo, na Kipimbwe karibu si kitu.