Mtoto wa Kampemba yuko Johannesburg, anataka kwenda Bruxelles: viza ataombea wapi?

Simu hupigwa jioni. Mtoto aliyetoka Bel-Air au Bongonga, akapita Kasumbalesa kwa basi au akapanda ndege Luano, sasa yuko mwaka wa tatu wa chuo kikuu Johannesburg. Mwalimu wake amempatia nafasi ya mafunzo ya wiki mbili huko Bruxelles. Anauliza nyumbani: "Papa, nirudi Kinshasa kuomba viza?" Hapo ndipo familia nyingi huanza kukopa pesa za tiketi ya ndege bila sababu. Jibu ni hapana, asirudi. Sheria ya viza ya Ulaya inasema mtu anaomba katika nchi anamoishi kihalali, hata kama si nchi yake. Mwenye viza ya masomo ya Afrika Kusini iliyo hai anaishi kihalali Afrika Kusini, kwa hiyo anaomba hukohuko.

Viza tunayoisema hapa inaitwa viza ya Schengen. Ni viza moja inayomruhusu mtu kuingia katika nchi 29 za Ulaya, zikiwamo Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani, Italia na Ureno. Uingereza na Ireland hazimo. Muda wake wa juu ni siku 90 ndani ya kila siku 180, yaani karibu miezi mitatu katika kila miezi sita. Inafaa kwa mkutano, mafunzo mafupi, au kumtembelea ndugu. Anayetaka kuhamia Ulaya kusoma shahada nzima anahitaji viza ya muda mrefu, na hiyo ina masharti yake mengine ambayo hatutayagusa leo.

Kabla ya kufungua fomu yoyote, angalia tarehe mbili. Ya kwanza ni ya viza ya masomo ya Afrika Kusini. Balozi zinataka kuona kwamba ukimaliza safari utaruhusiwa kurudi ulikotoka, na kwa kawaida zinataka viza hiyo iendelee kuwa hai miezi mitatu baada ya siku ya kurudi. Kama inakaribia kuisha, ifanye upya kwanza. Afrika Kusini inataka ombi la kuongeza muda lipelekwe siku 60 au zaidi kabla ya mwisho. Usilichezee jambo hili: anayetoka nchini humo akiwa amepitisha muda wake anaweza kufungiwa mlango kwa miezi 12, na akipitisha zaidi ya siku 30, kwa miaka mitano. Masomo yote yanapotea hapo.

Tarehe ya pili ni ya pasipoti yenyewe. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya. Wazazi walio Lubumbashi wakumbuke kwamba bei ya pasipoti ya Kongo imeshuka: ilikuwa dola 185, ikawa 99 mwaka 2020, na mwaka 2025 serikali ilitangaza dola 75. Kamisioneri anayekudai mara mbili ya bei ya leta, mwombe risiti uone atakavyogeuza maneno.

Ubalozi gani sasa? Wengi hukimbilia ule unaosifiwa kuwa mwepesi. Hilo ni kosa, na linaweza kukunyima viza. Unaomba kwenye ubalozi wa nchi ambayo ndiyo shabaha ya safari, au ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama siku ni sawasawa, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Siku kumi Bruxelles na siku mbili Paris maana yake ni Ubelgiji, hata kama ndege inatua Paris. Balozi zenyewe ziko Pretoria, lakini nyingi hazipokei karatasi moja kwa moja. Zimewapa kazi hiyo makampuni ya kupokea maombi, yenye ofisi katika miji mikubwa kama Johannesburg, Pretoria na Cape Town. Kampuni inapokea tu. Anayeamua ni ubalozi. Ingia kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe, ndiyo itakayokuonyesha kampuni ya kweli. Usianzie kwenye tangazo la WhatsApp.

Kuna jambo moja linalotuumiza sisi Wakongo kuliko wengine, nalo ni majina. Sisi tuna jina, jina la pili ambalo karatasi zetu huliita postnom, na jina la ubatizo. Vyuo vya Afrika Kusini vina nafasi mbili tu, jina la kwanza na la ukoo, kwa hiyo mara nyingi postnom hudondoka au hugeuzwa kuwa jina la ukoo. Matokeo yake barua ya chuo inasema mtu huyu, pasipoti inasema mwingine. Fuata pasipoti kila mahali, herufi kwa herufi. Kama barua ya chuo ina tofauti, rudi ofisi ya usajili ukaombe barua iliyosahihishwa kabla ya miadi.

Karatasi zinagawanyika sehemu mbili: zile za huko anakosoma, na zile za huku nyumbani. Za huko ni fomu iliyojazwa na kutiwa sahihi, picha ya milimita 35 kwa 45, nakala ya viza ya masomo, barua ya chuo inayothibitisha kwamba umeandikishwa mwaka huu na kwamba chuo kinajua unasafiri tarehe fulani hadi fulani, barua ya mwaliko kutoka Bruxelles, na taarifa ya benki ya miezi mitatu iliyopigwa muhuri. Barua ya chuo ndiyo roho ya faili lako. Afisa anayesoma anajiuliza jambo moja kuliko yote: huyu kijana atarudi? Barua inayosema mitihani yako inaanza mwezi ujao inamjibu vizuri kuliko maneno yako mwenyewe. Kwa hiyo usikubali barua ya mistari miwili. Omba waandike mwaka unaosoma, kozi, na tarehe ya kurudi darasani.

Za nyumbani huja kama mzazi ndiye anayelipa. Mzazi anaandika barua ya kubeba gharama, anaweka nakala ya kitambulisho chake, fiche de paie za miezi mitatu kama ni mfanyakazi wa kampuni, na taarifa ya konti yake. Kisha lazima ionekane kwamba kweli ni mzazi, na hapo ndipo cheti cha kuzaliwa kinapohitajika. Kinatoka kwenye ofisi ya état civil ya komini, kwa mfano komini ya Kampemba kama mtoto aliandikishwa hapo. Watoto wengi hawakuandikishwa ndani ya siku 90 ambazo sheria ya familia inatoa tangu 2016. Kwao inabidi kwanza kupata hukumu ya mahakama, jugement supplétif, ndipo komini iandike cheti. Hii inachukua wiki, si siku, basi ianzwe mapema. Kwa Ubelgiji na Ufaransa karatasi za Kifaransa hazina shida. Kwa nchi nyingine uliza kama wanataka tafsiri ya Kiingereza.

Na mama anayeuza sokoni bila konti ya benki? Hajafungiwa njia. Aweke patente yake na mkataba wa kukodi duka, na kama safari iko mbali bado, afungue konti leo na awe anaweka mauzo kidogo kidogo. Kitu asichopaswa kufanya ni kukopa dola elfu tatu na kuzimwaga kwenye konti wiki ya mwisho. Afisa anaona tarehe, naye anajua maana yake. Mwanafunzi mwenyewe naye aangalie konti yake: viza ya masomo ya Afrika Kusini inaruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki, na mshahara wa kazi iliyozidi hapo utaonekana kwenye karatasi hizohizo.

Pesa kiasi gani zinatosha? Kila nchi ina kipimo chake. Ubelgiji inahesabu takriban euro 95 kwa siku kwa anayelala hotelini, na euro 45 kwa anayekaa kwa mtu. Mafunzo ya siku 14 kwa hoteli ni kama euro 1,330 mbali na tiketi. Ukikaa kwa shangazi anayeishi Ubelgiji, yeye anaweza kutia sahihi ahadi ya kukubeba, inayoitwa annexe 3bis, kwenye komini yake huko. Ufaransa ina karatasi ya kupokewa nyumbani, attestation d'accueil, inayotolewa na meya. Kama chuo cha Bruxelles kinalipa malazi, barua yao iseme hivyo waziwazi.

Bima ya safari ni lazima. Iwe inalipa matibabu hadi angalau euro 30,000, katika nchi zote za Schengen, kwa siku zote za safari. Tiketi ya ndege usiilipe kwanza. Nafasi iliyoshikwa inatosha, maana viza inaweza kukataliwa na pesa ikapotea.

Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na inalipwa kwa randi. Juu yake kuna malipo ya kampuni inayopokea, ambayo kwa kawaida hayazidi nusu ya ada hiyo. Lakini sikiliza vizuri hapa, maana watu wengi hulipa wasichopaswa kulipa: sheria inawasamehe ada wanafunzi wanaosafiri kwa ajili ya masomo au mafunzo. Mwanafunzi wetu wa Bruxelles yumo. Anayekwenda kutalii tu au kumwona shangazi hayumo. Msamaha huo hautakuja wenyewe. Peleka barua inayosema safari ni ya mafunzo na uutaje mbele ya karani. Malipo ya kampuni huenda bado ukayatoa.

Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45. Likizo za Juni na Desemba miadi hujaa, kwa hiyo miezi miwili mapema ndiyo salama. Siku ya miadi nenda mwenyewe, kwa sababu wanachukua alama za vidole vyote kumi. Alama hizo hutunzwa miezi 59, na ukiomba tena ndani ya muda huo mara nyingi hazitachukuliwa upya. Ukiulizwa swali, jibu kile ulichoandika. Usiongeze.

Ukikataliwa, utapewa karatasi yenye sababu iliyotiwa alama, pamoja na maelezo ya kukata rufaa. Ada hairudi. Hakuna muda wa adhabu wa kungoja kabla ya kuomba tena, lakini kuomba tena na faili lilelile ni kutupa pesa. Soma sababu, rekebisha jambo hilo hasa. Na kamwe usikubali karatasi ya benki ya kughushi, hata ikitoka kwa ndugu: taarifa ya udanganyifu itakufuata miaka.

Neno kwa wanaopitia tu. Mwenye pasipoti ya Kongo anahitaji viza hata kubadilisha ndege ndani ya uwanja wa Schengen bila kutoka nje, isipokuwa ana viza hai ya nchi ya Schengen au ya nchi chache kama Marekani, Kanada na Japani. Watu wamezuiliwa kupanda ndege kwa kutolijua hili.

Viza ikitoka, isome palepale kabla ya kuondoka dirishani: jina, tarehe ya kuanza na kuisha, idadi ya kuingia, na siku za kukaa. Tarehe zinaweza kufungua mwezi mzima huku siku za kukaa zikiwa 16 tu, na zinazohesabiwa ni hizo 16. Kisha nakala za karatasi zote, mwaliko, bima na tiketi ya kurudi, ziweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye valizi, kwa sababu askari wa mpakani Bruxelles ana haki ya kuziomba tena kabla ya kukuruhusu kuingia.