Ukiwa Mbali na Wazazi, Nani Anakuamsha Asubuhi?

Kijana mwenzetu, mkoa wa Katavi ni mpana. Mwanafunzi wa kutoka Karema, Mwese au Inyonga anayesoma Mpanda mjini hawezi kwenda na kurudi kila siku. Basi baba anashusha gunia la mahindi, mama anakutandikia godoro, wanakuombea Mungu, kisha wanarudi kijijini. Umebaki wewe na ufunguo wa chumba cha kupanga.

Wengine hushangilia: "Sasa niko huru!" Wengine hulia usiku. Yote ni ya kawaida. Lakini hebu tujiulize: je, kukaa mbali na wazazi kunamkomaza kijana?

WAZEE WALISEMAJE?

Kwa Wanyakyusa wa Rungwe, bado katika miaka ya 1930, mvulana wa miaka kama 10 alihama nyumbani. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda vyao kando, wakalala huko na kufundishana kuishi na watu. Lakini angalia vizuri: chakula walikwenda kula kwa mama zao, na mashamba ya baba zao waliendelea kuyalima. Walikaa mbali, ila hawakutupwa.

NINI KINAKOMAZA?

Si umbali wenyewe. Ni kuamua, na kubeba matokeo ya ulichoamua. Nyumbani mama ndiye anayejua unga umebaki kiasi gani. Kwenye chumba chako, ukila wiki ya kwanza kama sikukuu, wiki ya nne utalala njaa. Hapo ndipo utajifunza kupima.

Ndivyo ilivyo na afya. Ukipata homa, hakuna wa kukugusa paji la uso. Ni wewe uamue kwenda zahanati siku hiyohiyo kupima malaria, na ukikutwa nayo umalize dawa ya mseto hata kama umepata nafuu. Na usiku wa baridi usilale na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, nayo huua mtu akiwa usingizini.

UHURU UKIGEUKA MTEGO

Tuseme ukweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa Katavi iliongoza nchini: wasichana 45 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Si wote walikuwa wanafunzi wa kupanga. Lakini mfikirie msichana ambaye unga umekwisha tarehe 20, na kuna jamaa anampa lifti ya pikipiki na hela ya chipsi kila siku. Anayekupa leo, kesho atadai.

Njaa si kosa lako, na sheria iko upande wako. Tangu mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021, msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni.

Nanyi wavulana msicheke. Hela ya matumizi iliyoishia kwenye pombe au kubeti ni mtego uleule.

FANYA HIVI

1. Gawa unga na hela kwa wiki, siku ileile unapovipokea.
2. Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini: mwalimu, shangazi, au mama mwenye nyumba. Akiba ikipungua mwambie mapema, usingoje iishe.
3. Ongea na nyumbani kila wiki, na uwaambie ukweli.
4. Ukitishwa au kudhulumiwa, piga simu 116. Ni bure.

Kuomba msaada kwa mtu sahihi si utoto. Mtoto hungoja aonwe analia. Aliyekomaa huenda mwenyewe kusema.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Ni uamuzi gani ulioufanya peke yako mwezi huu? Matokeo yake yalikuwaje?
2. Ukiugua usiku wa leo, utamgongea nani mlango?
3. Shule na kijiji chenu vifanye nini ili wanafunzi wanaopanga wasijione wametupwa?