Ununuapo Gari la Mbio: Hati, Plake na Jina la Mwenye Mali

Tuseme kijana mmoja wa Mangobo, aliyefanya biashara ya mchele na mafuta ya mawese baina ya Isangi na Kisangani hata akajaliwa akiba, ameona katika ua wa mtu wa Makiso gari dogo la mbio, jekundu, la milango miwili, lililoinama karibu na ardhi kiasi cha kumfanya kila mwenye akili timamu ajiulize litavukaje mashimo ya mji wetu siku za mvua kubwa; naye, kwa kuwa fedha ni zake na matamanio hayana hakimu, ameazimia kulinunua. Gari lake la kale amekwisha kumwuzia jamaa wa Lubunga, lakini plake zake amezing'oa na kuzihifadhi chini ya kitanda, maana amezizoea nambari zile na angependa kuzifunga katika gari jipya. Muuzaji wa gari la mbio, mtu mchangamfu, anamwambia: lete fedha, chukua ufunguo, karatasi tutazishughulikia baadaye. Katika kisa hiki kifupi yamo karibu makosa yote yanayowafikisha wauzaji na wanunuzi wa magari mbele ya polisi na mahakimu, na ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekusudia hila.

Tuanze na mauzo yenyewe. Sheria ya mikataba tunayoitumia hata leo ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, ya zamani za Mfalme Leopold II, na kifungu chake cha 264 chabainisha kwamba mauzo hukamilika baina ya muuzaji na mnunuzi, na milki ikahamia kwa mnunuzi, mara tu wanapoafikiana juu ya kitu na bei yake, ijapokuwa kitu hakijatolewa wala bei haijalipwa. Kwa hiyo kijana wetu, akishapeana mkono na muuzaji, ni mwenye gari. Muuzaji hana ruhusa ya kugeuka kesho yake akalitoa kwa tajiri mwingine aliyepanda dau. Lakini msomaji ayatafakari yale maneno "baina ya muuzaji na mnunuzi", kwa maana ndani yake mna mpaka. Serikali haikuwapo pale uani mikono ilipopeanwa, wala kampuni ya bima, wala mpita njia atakayegongwa na gari hilo mwezi ujao. Na wote hao, watakapotaka kumjua mwenye gari, watalitazama jina lililoandikwa katika karte roze, yaani hati ya usajili wa gari.

Hapo ndipo muuzaji, ambaye aghalabu hudhani kuwa hatari yote imeondoka pamoja na ufunguo, anapopaswa kutega sikio kuliko mnunuzi. Gari likimgonga mwendesha toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria, karibu na daraja la Tshopo, na dereva akakimbia, mashahidi watakachokuwa nacho ni nambari ya plake. Polisi watafuata nambari, nambari itawafikisha kwenye jina, na jina ni la mtu aliyekwisha kulala usingizi wake akidhani ameuza. Amri ile ile ya 1888, katika kifungu cha 260, humwajibisha mtu kwa madhara ya vitu vilivyo chini ya uangalizi wake, na mwenye mali huhesabiwa kuwa ndiye mwangalizi hadi athibitishe kwamba uangalizi huo ulikwisha kupita mikononi mwa mwingine. Atauthibitishaje, ilhali hana hati yenye tarehe, saa na saini? Na kijana wetu wa Mangobo, aliyeshughulika na gari jekundu hata akalisahau lile la kale, yumo katika hatari hiyo hiyo kwa upande wa pili: gari analoliendesha jamaa wa Lubunga bado liko katika jina lake, na zaidi ya hayo halina plake, kwa sababu ziko chini ya kitanda.

Hizo plake hawezi kuzifunga katika gari la mbio. Karte roze huunganisha mambo ambayo hayatenganishwi kwa bisibisi: jina la mwenye gari, nambari ya plake, na nambari ya shasi iliyochongwa katika chuma cha gari lenyewe. Plake ikionekana juu ya shasi isiyokuwa yake, askari hana haja ya kuuliza kama mwenye gari ni mwema au mbaya, kwani mtu aliyeiba gari hufanya tendo lile lile kwa mikono ile ile. Na Kanuni ya barabara, yaani sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, haikumwachia mtu hiari ya kujiandikishia gari lake mwenyewe nyumbani. Anayetaka kujua kama kuna njia halali ya kubaki na nambari aipendayo, mahali pa kuuliza ni dirishani kwa idara ya kodi, DGI, ambayo ndiyo yenye kazi ya plake na karte roze, wala si kwa fundi wa gereji wala kwa dalali.

Turudi uani Makiso, kabla fedha hazijahesabiwa. Mnunuzi na afungue boneti, aitafute nambari ya shasi, aisome mwenyewe herufi kwa herufi na kuilinganisha na ile ya karte roze. Ikiwa imekwaruzwa, au imepigwa rangi mpya mahali pale tu, aage kwa adabu aende zake. Kisha adai karatasi za forodha, au duane kama tusemavyo, kwa kuwa magari mengi yanayotufikia yameshuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam, yakapita Uganda na Ituri, yakateseka katika barabara ya taifa namba 4 kupitia Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende. Na gari ambalo halikulipiwa ushuru mpakani hubaki na deni lake popote liendapo, wala idara ya forodha, DGDA, haiulizi ni nani aliyekuwa kwenye usukani siku lilipovuka. Aidha autazame usukani wenyewe. Jirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto kwa barabara nasi hupita kulia, na magari ya usukani wa kulia serikali ya Kinshasa imekwisha kuyapiga marufuku yasiingizwe nchini. Kwamba yanaonekana mengi upande wa mashariki hakuyafanyi kuwa halali, na mwenye kununua gari la namna hiyo, hasa la mbio, ambalo kila jicho hulifuata, amejinunulia mazungumzo yasiyokwisha na polisi wa rulaje, yaani wa barabarani.

Lililo zito zaidi ni kumjua anayeuza. Kifungu cha 276 cha amri ile ya 1888 chatamka kuwa mauzo ya mali ya mtu mwingine ni batili, na mnunuzi asiyejua kuwa mali ni ya mwingine aweza kudai fidia. Fidia ni neno tamu, lakini shurti kwanza umpate mtu wa kumdai! Visa vya kwetu, mara nyingi, havina mwizi wa usiku. Vina mpwa anayeuza gari la marehemu mjomba wake kabla matanga hayajaondolewa, ilhali watoto wa marehemu hawakuulizwa. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, huweka mirathi chini ya msimamizi, ambaye desturi yetu humwita likidateri, na yeye ndiye wa kutia saini baada ya warithi kukubaliana. Jina la karte roze likiwa la mtu asiyekuwapo mbele yako, omba kuiona wakala iliyoandikwa, au hati ya urithi, na ukiambiwa "utaipata kesho", basi fedha nazo na zingoje kesho. Mnunuzi anayefumba macho mbele ya dalili za wizi, kwa tamaa ya bei ndogo, aweza kushtakiwa kuwa mpokeaji wa mali ya wizi kwa kifungu cha 101 cha sheria ya jinai, na hapo jina lake halitakuwa tena mnunuzi.

Hati ya mauzo yenyewe haihitaji ufasaha. Iandike majina kamili ya wote wawili na nambari za vitambulisho vyao, makazi yao kwa komini na barabara, aina ya gari, rangi, mwaka, nambari ya shasi na ya plake, bei kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na sarafu yake, maana kwetu dola na franka hutumika bega kwa bega na ugomvi hupenda kuzaliwa hapo. Iseme kama bei imelipwa yote taslimu au kwa mafungu. Na itaje siku na saa ambayo ufunguo umetolewa, kwa sababu ile tuliyoieleza ya mwendesha toleka. Watie saini mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa kila upande, kisha waipeleke kwa notari wa serikali ili ipate nguvu ambayo karatasi ya daftari haina. Kwa gari la mbio ningeongeza sharti moja: fundi wa mnunuzi alikague kabla ya saini, na alichokiona kiandikwe. Amri ya 1888 humtaka muuzaji adhamini kasoro zilizofichika, hata zile ambazo yeye mwenyewe hakuzijua, ila kama waliafikiana vingine. Lakini humtaka mnunuzi naye asichelewe kudai, na injini iliyozoeshwa mwendo wa kasi huficha maradhi yake vizuri kuliko injini ya teksi.

Baada ya hapo huja mutasio, yaani kuhamisha jina, na rai yangu ni kwamba waende wote wawili siku hiyo hiyo au inayofuata, muuzaji akiwa na karte roze yake mkononi. Ada hulipwa benki kwa mujibu wa karatasi iliyotolewa na idara, na stakabadhi ya benki ndiyo ushahidi. Fedha iliyotiwa katika kiganja cha mtu aliyesimama mlangoni haikuingia popote. Plake imewahi kuadimika katika nchi hii, na ikitokea hivyo mnunuzi asikubali kuondoka mikono mitupu: na aombe karatasi ya muda yenye muhuri, na aifuatilie kabla haijaisha. Vinyeti, yaani stika ya kodi ya gari, ni jambo la jimbo, kwani ibara ya 204 ya Katiba imewapa majimbo kodi ya magari, kwa hiyo huulizwa kwa idara ya mapato ya jimbo letu la Tshopo. Bima nayo ni faradhi tangu amri-sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973; zamani mlango ulikuwa mmoja tu, wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, lakini sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 iliuondoa ukiritimba huo, na mtu aweza kuchagua. Asiitegemee ile karatasi iliyobandikwa kiooni kwa jina la muuzaji. Apate yake kabla gari halijatoka uani.

Hata mwenye karatasi zote husimamishwa. Basi ajue kwamba faini halali huwa na stakabadhi, na kwamba ibara ya 174 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria. Akikamatwa, ibara ya 18 humpa haki ya kuelezwa papo hapo sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoifahamu, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika ibara ya kwanza, hivyo asione haya kusema kuwa Kifaransa hakimtoshi. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa zake au wakili wake, na kizuizi cha polisi hakizidi saa 48. Haya ayaseme kwa taadhima na sauti ya chini. Nimeona haki nyingi zikipotea barabarani kwa sababu ya namna zilivyodaiwa.

Na ikiwa muuzaji amekwisha kupokea fedha, kisha akawa haonekani kila siku ya kwenda kwa mutasio? Mnunuzi amwandikie barua ya madai, akitaja hati yao na kumpa muda maalumu, na aifikishe kwa njia itakayoacha alama, kama vile saini ya mpokeaji katika nakala. Kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha amri ya 1888, makubaliano halali ni sheria kwa walioyafanya, na mahakama yaweza kumlazimisha au kumtoza fidia. Kwa bei ya gari, shauri kama hilo aghalabu hufika Tribunal de Grande Instance, si mahakama ya amani. Muuzaji aliyetelekezwa na mnunuzi mvivu aweza kufanya vivyo hivyo, na aipeleke pia nakala ya hati ya mauzo DGI pamoja na barua ya kuarifu kwamba gari si lake tena, akidai muhuri wa mapokezi juu ya nakala yake. Na nakala hiyo aiweke nyumbani pamoja na hati zake nyingine.