Uzamili wa afya ya umma: ni lazima Ulaya?

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye shahada ya kwanza, nafanya kazi Nainokanoka, Ngorongoro. Natamani uzamili wa afya ya umma ya kimataifa. Je, lazima niende Ulaya?

JIBU: Si lazima, ndugu yangu. Muhimbili, Dar es Salaam, na chuo cha tiba cha KCMC, Moshi, hufundisha uzamili wa afya ya umma. Kinachonihangaisha zaidi ni utakachokwenda kuchunguza, na hapo umekalia hazina. Watu wa Nainokanoka wanaishi na ng'ombe, na wanyamapori wako jirani. Homa inayodumu wiki kadhaa kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi inaweza kuwa brusela, si malaria. Kimeta hutoka kwenye mzoga hadi kwa mchunaji. Mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa 2007 uliigusa wilaya yenu. Kwa maswali ya namna hii, ulizia pia Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ambako utafiti wa Afya Moja huunganisha madaktari wa watu na wa mifugo.

Ulaya ina faida yake. Hayati Dkt. Mwele Malecela alisomea London, akaongoza taasisi ya utafiti wa tiba nchini, NIMR, kisha idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele ya WHO. Lakini alianzia zoolojia, Dar es Salaam.

Mwezi huu andika ukurasa mmoja kuhusu homa unazoziona, umwoneshe mganga mkuu wa wilaya pamoja na daktari wa mifugo. Ruhusa ya masomo iombe mapema, kabla ya ufadhili.