Mtoto na Kalamu: Jinsi ya Kumsaidia Kuandika Nyumbani



Wako wazazi wengi wadhanio kwamba kumfundisha mtoto kuandika ni kazi ya mwalimu wa shule tu. Kazi yao wenyewe ni kununua daftari na kalamu. Kisha mtoto afikapo darasa la tatu au la nne, siku moja daftari lake hufunuliwa, na wazazi huona maneno yaliyokatika vipande, herufi zilizopinduka, na mistari isiyosomeka. Hapo hasira huja, na pengine fimbo. Tangu siku ile mtoto hulificha daftari lake. Basi hilo ni baya kuliko makosa yenyewe, maana kosa lililofichwa halisahihishwi, na mtoto aonaye haya kuandika aweza kukua akiwa na haya hiyo mpaka uzeeni. Kwa hiyo katika somo hili twataka kueleza namna ya kumsaidia mtoto wa namna hii nyumbani, bila fedha nyingi na bila ukali.

1. Kazi hii ni ya nyumbani pia

Sisi Walutheri tunayo sababu ya pekee ya kulikumbuka neno hili. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani, akiwasihi waweke shule kwa ajili ya watoto wa kiume na wa kike. Lakini mwaka 1529, alipoitoa Katekisimo Ndogo, aliandika juu ya sehemu zake kuu kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Hakuona kwamba shule yamwondolea mzazi kazi yake.

Tena tufikiri hali ya mwalimu. Mwaka 2015, katika Tanzania Bara, mafundisho ya darasa la kwanza na la pili yalipangwa upya, ili kusoma, kuandika na kuhesabu vitangulie masomo mengine. Ni jambo jema. Lakini mwalimu mwenye watoto 60, akitaka kukaa na kila mmoja kwa dakika 2 tu juu ya daftari lake, atatumia saa 2 kamili. Atazipata wapi kila siku? Mzazi ana watoto wachache mezani pake. Dakika 15 zake za jioni zaweza kumpa mtoto kitu ambacho darasa haliwezi kumpa, yaani mtu mmoja wa kumsikiliza yeye peke yake.

2. Kuandika ni kusema na mtu asiyekuwapo

Mtoto mwingi hudhani kwamba kuandika ni kujaza mistari ili mwalimu aweke alama. Haoni mtu wa kuyasoma maneno yake, wala hana neno la kumwambia mtu. Basi huandika bila moyo, na kazi isiyo na moyo huharibika upesi.

Tutazame Maandiko. Katika Luka 1 Zakaria alikuwa bubu, na jirani walitaka mtoto aitwe kwa jina la baba yake. Zakaria akaomba kibao akaandika jina la Yohana. Maneno yake yalikuwa machache, lakini wote walikuwa wakiyangoja. Tena Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kabla hajafika kwao, na Tertio ndiye aliyeushika waraka ule kwa mkono wake. Wote hao walikuwa na neno la kusema, na watu wa kuambiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kumwuliza mtoto, “Utaandika nini?” tumwulize, “Utamwandikia nani?” Akijua kwamba bibi yake atausoma au atasomewa mstari ule, atauangalia vingine.

3. Mkono na macho

Kabla ya kulaumu uvivu, tuuangalie mwili wa mtoto. Je, anaandika juu ya magoti yake, gizani? Mpeni mahali pa kuegemeza daftari, miguu ikitulia, na mwanga wa kutosha. Kalamu ishikwe kwa kidole gumba na kidole cha shahada, nayo ilale juu ya kidole cha kati. Mtoto aibanaye kalamu kwa nguvu nyingi huchoka mkono baada ya mistari michache. Hapo mwandiko huharibika kwa uchovu, wala si kwa ukaidi.

Mtoto mdogo apinduaye b na d, na afanye herufi hizo kubwa kwa kidole katika mchanga, akisema sauti yake. Mkono hujifunza njia ya herufi kwa kuipita mara nyingi.

Mtoto atumiaye mkono wa kushoto asilazimishwe kuuacha. Katika Waamuzi 3 twasoma habari za Ehudi aliyetumia mkono wa kushoto, na katika Waamuzi 20 habari za Wabenyamini 700 wa namna hiyo, hodari wa kutupa mawe kwa teo. Mtoto huyo na ailaze karatasi yake hata sehemu ya juu ielekee kuume, ili ayaone maneno aandikayo.

Mtoto ainamaye mpaka pua ikaribie karatasi, au asiyeona maneno ya ubaoni, apelekwe hospitali apimwe macho. Na yule ajitahidiye miezi mingi, akiwa mwenye akili katika mambo mengine, na bado herufi zikampotea, asiitwe mjinga. Wako watoto ambao kusoma na kuandika ni kugumu kwao kwa namna walivyoumbwa. Wazazi na wafanye shauri na mwalimu wake mapema.

4. Kazi za juma

Dakika 15 za kila siku zafaa kuliko saa 2 za Jumamosi. Twaweza kuzipanga hivi:

Jumatatu: kunakili. Mtoto anakili mistari 3 kutoka kitabu kilichopigwa chapa vizuri. Hapo mkono hujifunza.

Jumanne: imla. Mzazi, au ndugu mkubwa, asome sentensi 3 fupi polepole, mtoto aandike. Hapo sikio hujifunza.

Jumatano: orodha ya kazi ya kweli, kama vitu vya kununua sokoni: chumvi, sabuni, dagaa. Kisha mtu aende sokoni na karatasi ile ile.

Alhamisi: habari ya siku. Kwanza mtoto aisimulie kwa kinywa, ndipo aiandike. Mtoto asiyeweza kuisema habari kwa utaratibu hawezi kuiandika kwa utaratibu.

Ijumaa: aisome tena habari ya jana, aitengeneze, na kuiandika safi.

Jumamosi: barua kwa mtu wa kweli, kama babu, shangazi, au rafiki aliyehama. Hata ujumbe wa simu wafaa, mradi maneno yawe kamili, yasikatwekatwe kama watu wazima wafanyavyo.

Jumapili: kalamu ipumzike. Mtoto asimulie tu aliyoyasikia katika Shule ya Jumapili.

5. Jinsi ya kusahihisha

Tuweke mfano. Mtoto wa darasa la tatu ameandika hivi: “Jana turikwenda shamba ni na bibi. Turivuna maarage. Mvua ikaja turijificha chini ya muembe.”

Mzazi mwenye haraka ataona makosa tu, naye atayapigia mistari yote. Mwenye busara ataanza na habari. Atasema, “Mlijificha chini ya mwembe! Je, mlilowa? Bibi alisema nini?” Mtoto atacheka na kujibu. Ndipo mzazi aseme, “Hilo nalo liandike.” Hivyo sentensi 3 zitakuwa 5, na mtoto atajua kwamba maneno yake yamepokewa.

Kisha achague kosa moja. Hapa r na l zimebadilishana mara tatu, basi siku hii wafanye hilo tu: turikwenda iwe tulikwenda, turivuna iwe tulivuna, turijificha iwe tulijificha. Kesho wataangalia neno shambani, kwamba ni neno moja wala halikatwi. Siku nyingine h ya maharage, na w ya mwembe. Mtoto apewaye makosa sita kwa mara moja hashiki hata moja.

Tujue pia makosa hayo yatoka wapi. Kiswahili huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa. Kwa hiyo mtoto huandika kama asemavyo. Lugha nyingi za kwetu hazitenganishi r na l kama Kiswahili, na nyingi hazina sauti za dh, th na gh, zilizoingia pamoja na maneno ya Kiarabu, kama fedha, thelathini na ghali. Basi dawa yake huanzia kinywani. Mtoto atamke kwanza mara kadhaa: kura na kula, mahari na mahali; aone kwamba maana yabadilika; ndipo aandike.

Neno lililokosewa likatwe kwa mstari mmoja, na lililo sawa liandikwe juu yake. Raba hutoboa karatasi, tena huficha njia ambayo mtoto ameipita. Wala mzazi asimwandikie mtoto kazi yake. Akifanya hivyo, mwalimu atadanganyika na mtoto atabaki pale pale.

6. Kwa mzazi asiyejua kusoma

Baba au mama aweza kusema, “Mimi sikusoma; nitamsaidiaje?” Mzazi huyo asikate tamaa. Na amwambie mtoto, “Nisomee ulichoandika,” naye asikilize. Pale asipoelewa, aseme, “Hapo sijafahamu, ni nani aliyefanya hivyo?” Mtoto atagundua mwenyewe kwamba ameruka neno, au ameunganisha sentensi mbili bila nukta. Msikilizaji mwaminifu humsaidia mwandishi sana, hata asipojua herufi moja.

7. Kwa walimu wa dini

Nanyi walimu wa dini mwaweza kuisaidia kazi hii pasipo kuanzisha shule nyingine. Katika kila usharika wako wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani. Mara moja kwa mwezi, watoto wa Shule ya Jumapili na wawaandikie salamu, kila mtoto mtu mmoja, nanyi mkawapelekee mwendapo kuwatazama. Mgonjwa atafarijiwa, na mtoto mwenye mwandiko mbaya ataona kwamba naye ana neno la kumpa mwingine. Lakini salamu hizo zisipimwe wala kushindanishwa, wala makosa ya mtoto yasisomwe mbele ya watu.

Mtoto wa leo kesho atakuwa karani wa usharika, mama aandikaye barua kwa mwanawe aliye mbali, au mzee wa kanisa mwenye kutunza kumbukumbu za mkutano. Haba na haba hujaza kibaba. Dakika 15 za jioni si nyingi kwa kazi kubwa namna hii. Mungu awape wazazi uvumilivu, na watoto furaha katika kazi hiyo.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, watoto wetu hutuonyesha madaftari yao kwa hiari, au huyaficha? Kwa sababu gani?

2. Ni sauti zipi za Kiswahili zilizo ngumu kwa watoto wa mahali petu, na tuwazoezeje kuzitamka?

3. Juma hili mtoto wa nyumbani mwetu atamwandikia nani?