Soda ya Tangawizi ya Nyumbani

Kama ulikulia zama za soda za chupa za kioo, unakumbuka siku ya sikukuu. Kreti moja imewekwa pembeni, watoto wanahesabiwa, na mwenye bahati anapata chupa nzima peke yake. Mimi nilikuwa nachagua Stoney Tangawizi. Ukimeza funda la kwanza, gesi inapanda puani, koo linawasha, machozi yanalengalenga, na bado unataka funda jingine.

Wengi tunaitamani ladha ile lakini tunaiogopa sukari yake. Na tuna haki ya kuiogopa. Soda nyingi za kawaida zina gramu kama 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ina gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi vijiko sita hivi kwa siku kwa mtu mzima. Chupa moja tu imeshavuka hapo.

Habari njema ni kwamba kinachowasha koo ni tangawizi, na kinachopanda puani ni gesi. Sukari ukiipunguza hata zaidi ya nusu, vitu hivyo viwili vinabaki palepale. Ndiyo maana soda hii inafaa kutengenezwa nyumbani.

Unahitaji nini? Tangawizi mbichi gramu 200, yaani vipande viwili vikubwa vya kujaa kiganja. Chagua iliyokomaa, yenye ganda gumu na nyuzi nyingi ukiivunja, kwa kuwa changa ina maji mengi na haiwashi sana. Sukari guru gramu 150. Hii ni ile ya mabonge ya rangi ya kahawia, itokanayo na maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda. Inapatikana masokoni na kwa wauza viungo. Ndimu tatu. Na maji ya soda lita 2, yaani maji matupu yenye gesi, ambayo utayapata madukani.

Osha tangawizi, usiimenye, iponde kwenye kinu au ikwangue. Itie kwenye sufuria na lita moja ya maji, chemsha kwa moto mdogo mpaka maji yabaki nusu. Usiharakishe hapa. Jikoni patanukia, na rangi itageuka kuwa ya chai hafifu. Chuja kwa kitambaa safi na ukikamue vizuri, maana ukali mwingi umejificha kwenye makapi. Rudisha maji motoni, tia sukari guru, koroga mpaka iyeyuke, epua. Yakipoa kabisa ndipo ukamulie ndimu. Hiyo ndiyo sharubati yako, na inatosha glasi kumi.

Wakati wa kunywa, tia vijiko vinne vya chakula vya sharubati kwenye glasi, kisha mimina maji ya soda ya baridi, mililita 200, taratibu ubavuni mwa glasi ili gesi isitoroke. Glasi moja itakuwa na gramu kama 15 za sukari, chini ya vijiko vinne vya chai.

Gharama je? Bei za sokoni hupanda na kushuka, kwa hiyo piga hesabu yako mwenyewe: jumlisha bei ya tangawizi, sukari guru, ndimu na maji ya soda, gawa kwa kumi. Utaona maji ya soda ndiyo yanayokula fedha.

Kuna wanaoyakwepa kwa kutumia hamira. Changanya sharubati yote na lita moja na nusu ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia robo kijiko cha chai cha hamira kavu, jaza kwenye chupa za plastiki za soda zilizooshwa vizuri na uache nafasi ya vidole vinne juu. Funga, weka kivulini. Hamira hula sukari na kutoa gesi. Bonyeza chupa kila baada ya saa chache. Ikiwa ngumu kama chupa mpya ya dukani, ihamishie kwenye jokofu mara moja. Kwenye joto la Pwani huchukua kati ya nusu siku na siku mbili. Inywe ndani ya siku tatu, na uifungue polepole.

Usitumie chupa ya kioo kwa njia hii. Niliwahi kufanya hivyo, na usiku chupa ilipasuka kabatini. Vigae tuliviokota hadi chini ya kitanda. Mtoto angekuwa karibu angeumia vibaya. Jambo la pili: hamira hutoa pia kiasi kidogo cha kilevi, na kadiri inavyokaa ndivyo kinavyoongezeka. Asiyegusa kilevi kwa sababu ya dini au afya, na kila mwenye watoto mezani, afuate njia ya kwanza.

Je, asali si bora zaidi? Ladha yake ni nzuri, lakini mwilini asali na sukari guru zote ni sukari. Mwenye kisukari asidanganyike na neno "asilia". Aulize kwanza kliniki yake. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Ukinunua dukani soda iliyoandikwa "asilia", geuza chupa usome viambato. Huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, hivyo sukari ikifuata mara baada ya maji, umeshajua. Utamu usio sukari huweza kuandikwa kwa namba za E: E960 ni ule wa majani ya stevia, mmea wenye asili ya Paraguay. E951 ni aspatemi na E954 ni sakarini, ambazo hutengenezwa kiwandani.

Sharubati iliyobaki itie kwenye chupa safi yenye mfuniko na uiweke kwenye jokofu. Itumie ndani ya wiki moja. Ikianza kutoa povu au harufu ya uchachu kabla ya hapo, imwage.