Dondoo muhimu: Taka za dukani zisile faida

Ada ya taka hupangwa na sheria ndogo za halmashauri; kwa eneo la Mvumi, kwa mfano, ni Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Jukumu lenyewe la taka ngumu serikali za mitaa zimepewa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Sheria ndogo kwa kawaida hutoza kwa aina ya biashara, si kwa kilo, hivyo genge likiandikwa kimakosa kuwa mgahawa hulipa zaidi mwaka mzima. Aina hiyo iliyoandikwa hukaguliwa kabla ya kulipa. Malipo hupita kwenye namba ya malipo (control number) au mashine ya POS. Pesa taslimu isiyo na risiti ni hasara tu.

Gharama ya pili ni ya kubebesha, na hapo kinachouma ni uzito. Ndoo ya mama lishe yenye maganda ya ndizi, ukoko na maji ya maharage huelemea guta, ilhali mfugaji wa nguruwe huifuata mwenyewe. Pumba za mashineni si taka kabisa, zina wateja. Chupa za plastiki hukanyagwa zikapungua ujazo, kisha huuzwa kwa kilo. Maboksi hukunjwa na kuwekwa pakavu, maana masika huyalowesha yakawa mazito.

Nyembe za saluni hutiwa kwenye kopo gumu lenye kifuniko, kamwe si kwenye kiroba. Ili kupunguza gharama ya kubebesha, wenye vibanda jirani wanaweza kukodi guta moja kwa zamu.